Ziara za Unguja na Pemba: zinazofuata maji na zinazofuata saa

Tembea mjini Zanzibar kutoka Forodhani hadi Darajani, vibao vyote vinauza kitu kimoja: viungo leo, msitu wa Jozani kesho, pomboo keshokutwa, na "utamaduni wa kijiji" mtondo, kila ziara saa tatu kamili asubuhi. Saa hiyo moja ndiyo kasoro ya kwanza ya biashara hii. Pwani ya mashariki ya Unguja haina habari na saa ya ukutani. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4, na kila kazi ya mwambao, iwe mwani, pweza, ngalawa au hata kuogelea tu, inasubiri maji. Anayekuuzia ziara ya mwani saa tatu asubuhi siku zote za mwezi ama hajui anachouza, ama anajua na atakusimamisha ufukweni uitazame bahari iliyoyafunika mashamba. Kwa hiyo kabla ya bei, na kabla ya picha za kwenye simu, kipimo chetu ni hiki: muuzaji amekuuliza tarehe, akatazama mwezi, ndipo akakutajia saa? Asiyefanya hivyo mpite.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani ameshapata nusu ya jibu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na nguvu yake huzidi siku moja mbili baadaye: tarehe 1 hadi 3 hivi, na 15 hadi 17. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, kisha hujaa kabisa kuanzia saa kumi jioni. Maji mafu, yaani siku ambazo kujaa na kupwa hakupishani sana, yako kwenye tarehe 8 na 23 hivi. Hapo bahari hujaa mnamo saa nne asubuhi, na ikipwa alasiri haiendi mbali. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Anayetaka mwani na kutembea mwambani aje wakati wa bamvua. Anayetaka kuogelea Paje au Jambiani asubuhi nzima aje wakati wa maji mafu, vinginevyo atavua nguo na kukuta mchanga mtupu hadi kwenye mwamba. Mwenye wiki nzima afike tarehe 2 au 16, aanze na bamvua, amalizie na maji mafu. Nungwi na Kendwa hazina taabu hiyo, kwani kina kiko karibu na watu huogelea wakati wowote. Ndiyo maana hoteli zimerundikana huko, na ndiyo maana mtu anayetaka kuona kazi za kijiji asilale huko siku zote.

Tuanze na mwani, kwa kuwa hii ndiyo ziara bora kuliko zote kisiwani ikifanywa sawasawa, na ndiyo inayoharibiwa kirahisi. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki, na hadi leo wengi wa wakulima ni wanawake. Shamba ni vigingi vya mti vilivyochomekwa mchangani, kamba zimevutwa baina yake, na vipande vya mbegu vimefungwa kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba, kimoja baada ya kingine, nafasi ya shibiri hivi. Baada ya wiki 6 mwani huvunwa, huanikwa juani siku 2 au 3, hutiwa guniani. Aina ni mbili: kuna spinosum, inayostahimili lakini bei yake ni ndogo, na kuna kotonii, yenye bei nzuri lakini haivumilii joto: maji ya kina kifupi yakichemka kwa jua, matawi hugeuka meupe na kukatika. Kwa sababu hiyo mashamba mengi ya kotonii ya karibu na ufukwe yamekufa, na aliyebaki nayo analazimika kwenda kwenye kina zaidi, ambako mtu asiyejua kuogelea hafiki. Mwongozaji asiyeweza kukueleza jambo hili anakutembeza tu.

Ziara nzuri ya mwani haizidi watu 6. Unafunga mbegu kwa mikono yako mwenyewe, kamba nzima, mpaka mgongo ukuambie; unasaidia kubeba gunia lililolowa; na mwenye shamba analipwa mkononi siku hiyo hiyo, si "kupitia mradi". Uliza waziwazi analipwa kiasi gani. Ikiwa jibu linazungukazunguka, jua fungu lake ni dogo. Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza, wageni kupitishwa katikati ya mashamba ya watu wengine na kukanyaga kamba. Mbegu iliyong'oka ni wiki kadhaa za kazi. La pili, kupiga picha wanawake waliojitanda wakiwa wamelowa, bila kuomba ruhusa. La tatu ni la hatari: kuchelewa kutoka. Maji yanaporudi hayaji kwa mbele tu kama wimbi. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, ukageuka ukakuta mto baina yako na ufukwe. Utaratibu salama ni kuondoka ufukweni kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na kugeuza mara yanapoanza kurudi. Vaa viatu vya plastiki vya kufunga, si kandambili, kwa sababu nungu wa baharini wenye miiba myeusi wamejaa kwenye mashimo ya mwamba. Mwiba ukiingia, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia. Usikamue, utavunjikia ndani.

Ngalawa inafuata kwa ubora, na hapa tofauti baina ya kupanda na kujifunza ni kubwa. Nyingi zinazouzwa kama "safari ya ngalawa" ni kukaa juu ya ubao saa mbili huku nahodha akifanya kazi. Hilo si baya kwa familia yenye watoto, ila si mchezo wala si somo. Ukitaka kujifunza, sema hivyo tangu mwanzo, na uchukue asubuhi mbili badala ya moja. Siku ya kwanza mnabaki ndani ya mwamba: unajifunza kupandisha foromali (boriti ya tanga) kwa henza (kamba ya kuipandishia), kushika demani (kamba ya kuongozea tanga) na kuilegeza upepo unapozidi, kusukuma kwa upondo (mti mrefu) palipo kifupi, na kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, kazi isiyokwisha kwenye chombo cha mti wa mwembe. Siku ya pili, upepo ukiruhusu, mnatoka kwenye mlango wa mwamba na kurudi kwa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Hapo ndipo mtu anaelewa mirengu, zile mbao za pembeni za kusawazisha chombo, inafanya nini: ukikaa upande usiofaa, mmoja unazama na chombo kinakatika mwendo. Ngalawa ya kawaida ibebe wageni 3, wanne wakiwa wepesi. Jaketi za kuokolea ziwe ndani ya chombo na zitoshe, si "zipo nyumbani". Mwezi wa Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, na mgeni asiyezoea afadhali atoke alfajiri kabla upepo haujakaza. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ni tulivu zaidi kwa somo la kwanza.

Misimu hiyo hiyo miwili ndiyo inayoendesha shule za kaiti za Paje, yaani kuvutwa na tiara juu ya ubao. Maji ndani ya mwamba ni kifupi na hayana wimbi, ndiyo maana Paje imepata jina duniani. Kwa anayeanza, hesabu saa 9 hadi 12 za mafundisho kabla hajasimama peke yake. Anayekuahidi siku moja anakuuzia kukodi. Angalia kama mwalimu ana cheti, na kama shule ina boti ya kuokolea. Jambo ambalo vipeperushi havilisemi: maji yakiwa nusu, vigingi na kamba za mwani huwa viko kiwiko kimoja chini ya uso. Ubao ukinasa, unaanguka wewe na inakatika riziki ya mtu. Shule nzuri inakuonyesha mipaka ya mashamba kabla hujaingia majini.

Mafunzo ya mapishi yamezaliana kama uyoga Mji Mkongwe na vijijini, na bei haisemi chochote juu ya ubora. Uliza maswali mawili tu: nani anakuna nazi, na tunakaa saa ngapi? Darasa la saa mbili linaloahidi vyakula vitano ni maonyesho. Kila kitu kimeshatayarishwa na wewe unakoroga. Piga hesabu mwenyewe. Pweza, hata akiwa amepondwa vizuri, anahitaji dakika 45 hadi saa nzima kuiva kwa maji yake mwenyewe. Mkate wa kumimina unataka mchele uliolowekwa usiku kucha, usagwe na tui, hamira na iliki, kisha uumuke kama saa moja kabla ya kupata moto juu na chini. Wali wa nazi peke yake una mafunzo ya kutosha: nazi 2 kwa kilo moja ya mchele, ukae juu ya mbuzi ukune mwenyewe, ukamue tui la kwanza uliweke pembeni, tui la pili ndilo lipikie, la kwanza liingie maji yanapokaribia kukauka, halafu upalie makaa juu ya mfuniko. Kwenye mchuzi, tui zito huingia mwisho na hukorogwa bila kuachwa, la sivyo linakatika na kuwa vipande. Mwalimu anayekuacha ulikate tui mara moja, kisha akakueleza kwa nini limekatika, ni mwalimu. Chagua darasa linaloanzia sokoni Darajani asubuhi, kwenye jengo lile la mwaka 1904, ukajifunze kumtambua samaki mbichi kwa macho na matamvua yake. Linaloishia saa saba mchana kwa kula pamoja na wenye nyumba, sinia moja, lina thamani ya pesa.

Kwa muziki, usidanganywe na "jifunze taarabu kwa saa moja". Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70. Saa moja haitoshi hata kuitega sawa. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimekuwa kikifundisha ala za taarabu kwa utaratibu, na kwa mwenye wiki mbili au zaidi huo ndio mlango. Mwenye siku moja aombe kidumbaki, muziki wa ngoma ulio ndugu wa taarabu: ngoma mbili ndogo, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga), fidla na sanduku (besi ya uzi mmoja). Mkwasa na cherewa mtu anaweza kuvishika ndani ya saa moja na kuingia kwenye mdundo bila kuwaudhi wenzake. Vikundi vikongwe, Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, ni vya kusikiliza.

Ziara ya viungo ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo iliyochoka zaidi. Kizimbani na Kidichi zimejaa mashamba ya maonyesho: mdalasini mmoja, mkungumanga mmoja, mzingefuri mmoja wa kupaka midomo, kijana wa kupanda mnazi akiimba, halafu meza ya manukato. Kwa mara ya kwanza si vibaya, na watoto hufurahi. Lakini mwenyeji wa Tanga au Mombasa aliyekulia nyumba yenye kiungo hatapata jipya. Atakayepata kitu ni anayekuja wakati wa karafuu, nayo iko Pemba, tutafika huko.

Pomboo wa Kizimkazi hatuwapendekezi jinsi wanavyouzwa sasa. Boti nyingi hukimbilia kundi moja, kila nahodha akimkatia mwenzake njia, wageni wanarushwa majini juu ya vichwa vya wanyama, na pomboo wanazama. Ukiamua kwenda, toka alfajiri, taka boti itakayobaki mbali na kupunguza mashine, na utazame kutoka juu bila kuingia majini. Nahodha akisema wageni wake wote huogelea, ameshakujibu. Safari yenyewe isipotee bure: pita msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Vua viatu, wanawake wajitande, toa chochote kwenye sanduku. Mabwawa ya kasa ambako mtu huingia kuogelea nao kwa picha tunayaweka kapu moja na mbio za pomboo.

Jozani inabaki ya uhakika. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka imekuwepo tangu mwaka 2004, na kima punju wako pale pale, hawahitaji kutafutwa. Nenda asubuhi mapema au alasiri, mchana wamelala. Kima hawa hula majani ya mkungu na baadaye hutafuta mkaa wa kumeza, kwa kuwa mkaa hupunguza sumu iliyomo kwenye majani. Usiwalishe, usiwakaribie chini ya mita 3. Njia ya mbao ya mikoko ya Pete imo ndani ya ziara, na hapa tena maji yanahesabika: yakijaa utaona samaki chini ya miguu yako, yakipwa utaona kaa na mizizi. Daladala za Jambiani na Makunduchi, namba 309 na 310, hupita mlangoni. Hakuna haja ya kulipia gari la kukodi kama huna haraka.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya ya mwezi wa Julai, ni mgeni njoo kweli kweli: desturi inataka kila nyumba iwe na mgeni. Wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba. Fika asubuhi, simama upande wa upepo kibanda kinapowaka, na usilipe "kiingilio" kwa papasi, yaani dalali wa watalii wa njiani. Kwa ujumla papasi akikuandama, muulize kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Mwenye leseni hukitoa bila kununa.

Sasa Pemba. Kwa anayetaka mwili uchoke na macho yaone, Pemba inaishinda Unguja, na inamshinda pia mgeni anayetaka kila kitu kimpokee uwanjani. Vilima ni vingi, magari ni machache, na baiskeli ndiyo chombo chake. Chukua yenye gia. Baiskeli ya sokoni bila gia kutoka Chake Chake kwenda Wete itakufundisha kusukuma. Tenga lita 3 za maji kwa nusu siku. Barabara za ndani zikilowa masika huwa tope jekundu linaloganda kwenye breki, kwa hiyo Machi hadi Mei achana nazo.

Kuanzia Julai hivi karafuu huanza kuchumwa. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuibakiza ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye zao. Ziara nzuri ya karafuu ni siku nzima kwa mkulima: unachuma vishada vikiwa vimeanza kuwa vyekundu kabla havijafunguka, jioni unachambua makonyo (vikonyo vya karafuu) barazani pamoja na nyumba nzima, kesho yake unaanika kwenye majamvi na kugeuza. Zikikaushwa vizuri huchukua siku 3 hadi 5. Zikinyeshewa katikati huota ukungu na bei huanguka. Usipande mti mrefu bila mwenyeji, kwani tawi la mkarafuu hukatika ghafla. Na usikubali kuuziwa gunia "la bei ya rafiki": mnunuzi halali ni Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, na karafuu za magendo ni kesi. Pakiti ndogo ya dukani haina taabu.

Msitu wa Ngezi, upande wa Konde, ufanye usiku na askari wa msitu. Ndipo komba wanapolia na bundi wa Pemba, mmoja wa aina 4 za ndege wasiopatikana kwingine duniani, husikika karibu. Popo wakubwa wa Pemba waone Kidike, jioni wanapotoka kwenda kula; kuwapigia makofi ili waruke, kama baadhi ya waongozaji wanavyofanya kwa ajili ya picha, ni utovu wa adabu na huwachosha. Kisiwa cha Misali kinafaa kwa kutazama matumbawe kwa miwani. Kuzamia kwa mtungi ni habari nyingine: mkondo wa Pemba ni mkali na kuta hushuka kwenye kina kikubwa, kwa hiyo anayeanza ajifunze Unguja kwanza. Ukishazamia, ngoja saa 24 kabla ya kupanda ndege. Mchezo wa ng'ombe hauna tarehe ya kudumu. Ulizia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, utakapolala, na ukiupata simama nyuma ya wenyeji, si mbele yao, maana kamba ya ng'ombe hukatika.

Boti za Unguja kwenda Mkoani haziondoki kila siku, na wakati wa kusi zinaweza kuahirishwa, basi usipange ndege ya kimataifa kesho yake. Ndege ndogo huchukua kama nusu saa. Beba shilingi taslimu za kutosha, kwa kuwa nje ya Chake Chake mashine za benki ni za kubahatisha. Mgeni kutoka nje ya nchi awe na bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima kwa safari isiyozidi siku 92, na aikate kabla hajapanda. Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana na kula hadharani hairuhusiwi. Taabu ya jikoni, hata hivyo, hulipwa kwa futari, na madarasa ya mapishi ya mwezi huo huanza saa tisa alasiri.